Mghoi na Kaa la Moto Mpya

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu akiwa bado hajaota meno, palikuwa na kijiji milimani. Kila mwaka, mvua ikinukia, moto wa kila jiko ulizimwa. Mtu mmoja alitumwa mlima wa mbali kuleta moto mpya. Alibeba kaa ndani ya chungu kidogo, juu ya samadi kavu. Kabla moto huo haujafika, hakuna jembe lililogusa udongo.

Mwaka uliotangulia alitumwa Mwadime. Bwana huyo alikuwa na mbio! Akatimka, fyuuu! Upepo ukaingia chunguni, kaa likawaka, likaisha. Katikati ya njia pumzi zikamkatika, goti likateguka. Alifika na majivu. Mvua ikapita bila mbegu, watu wakala mizizi ya porini.

Safari hii wazee wakasema, "Nyumba iliyotukosesha ndiyo itakayoleta moto. Ikishindwa, ihame."

Goti la Mwadime lilikuwa halijapona. Mkewe, Mghoi, akasema, "Nitakwenda mimi."

Akaenda kwa Bibi Wakesho. Bibi huyo ujanani alileta moto miaka mingi, na haukumzimikia hata mara moja. Watu walisema ana dawa. Mghoi aliitaka dawa hiyo. Alitamani kujua hata rangi yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kimbia mpaka mtoni ukiimba. Wimbo ukikatika, umezidisha. Punguza."

"Na dawa, Bibi?"

"Mtoni, mjukuu wangu."

Tapa, tapa, tapa. Akaenda akiimba, akarudi akihema. Wachota maji wakamcheka, "Mbio gani hizi za bata?" Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Kesho yake, mtoni tena. Tapa, tapa, tapa. Wimbo ulipomtoka bila taabu, Bibi akamsogeza mbele kidogo, mpaka bonde la pili. Siku nyingine alimwambia alale tu.

"Nilale, Bibi, na mvua inakuja?"

"Lala. Miguu imechoka, iache ipate nguvu."

Siku moja Bibi alitoka kuokota kuni. Mghoi akakiona chungu kimefunikwa pembeni. Moyo ndu, ndu, ndu! Akafunua. Akachungulia. Akanusa.

"Umekuta nini?" Bibi alikuwa mlangoni.

"Uji wa mtama, Bibi."

"Basi kunywa. Kesho unakwenda mbali."

Mghoi akashindwa kuvumilia. "Bibi, niambie ukweli. Dawa iko wapi?"

"Ulipoanza, ulirudi kutoka mtoni ukihema. Leo umetoka bonde la tatu, na bado una pumzi za kunigombeza. Nikupe dawa gani tena?"

Mghoi akanywa uji.

Siku ikafika. Ngurumo zikalia. Mghoi akachukua kaa kule mlimani, akashika njia akiimba. Tapa, tapa, tapa. Bonde la tatu, la pili, la kwanza. Kijiji hicho! Ngoma ndi, ndi, ndi! Watu wakapiga kelele, "Kimbia, Mghoi! Kimbia!"

Miguu ikamwasha. Akaiachia, fyuuu! Mara wimbo ukakatika. Chungu kikaanza kumuunguza viganja. Mghoi akaogopa sana. Akapunguza.

"Mke wangu, matone yanaanguka!" Mwadime akalia. "Unatumaliza!"

Mghoi akaimba tena. Tapa, tapa, tapa, mpaka uwanjani.

Bibi Wakesho akainama juu ya chungu. Fuu, fuu. Kaa lilikuwa dogo kama punje ya kunde, lakini jekundu. Moto ukashika, vigelegele vikapaa, watu wakakimbilia majembe.

Mwadime hakukimbilia jembe. Alirudi nyumbani kufungua mizigo aliyokuwa ameshaifunga.

Ndiyo maana nawaambia, anayetaka kufika mbali aanze na yale madogo anayoyadharau, ayarudie mpaka yamkae mwilini. Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeniamini akakimbie mpaka mtoni akiimba.