Shauri la Mguu wa Pili wa Heroe, na Iwapo Upo

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa ziwa.

Ziwa la samaki?

Hata dagaa hamna. Ziwa la magadi.

Basi kaeni vizuri. Mwenye miguu miwili aikunje yote, asije akaondoka katikati ya hadithi.

Hapo kale, zamani za wanyama kusema na watu kujibu, palikuwa na ziwa katikati ya nchi kavu. Maji yake yalikuwa machungu, mazito, na ukiyachota kwa kiganja kiganja kinateleza kama umekipaka sabuni. Kando ya ziwa hilo palikuwa na chemchemi ya maji matamu. Moja tu. Swala alikunywa hapo, punda milia alikunywa hapo, watu walikunywa hapo, na heroe, wale ndege wekundu wenye miguu mirefu kuliko haja, walinawa hapo.

Kunawa kwao hakukuwa madaha. Makinda wa heroe huanguliwa katikati ya ziwa, juu ya vichuguu vya matope. Wakianza kutembea, magadi huwaganda miguuni. Siku ya kwanza huwa kama vumbi. Siku ya pili huwa kama bangili. Siku ya tatu huwa pingu. Kinda asiyenawa huanza kukokota miguu, kisha hukaa chini, kisha hakuna linalofuata.

Kando ya ziwa hilo aliishi mchungaji mmoja, jina lake Sironka. Sironka alikuwa na ng'ombe arubaini, mke mmoja na fimbo moja, na katika mali yake yote alichokipenda zaidi ni namna alivyosimama. Alisimama kwa mguu mmoja, wayo wa mguu wa pili ameuweka gotini, fimbo kwapani, macho kwenye ng'ombe. Alisimama hivyo tangu kufungua zizi hadi saa ya kunywesha. Wapita njia walisema, "Yule bwana hachoki." Walisema mara nyingi hata mwenyewe akaanza kuwasaidia kusema.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Ng'ombe wa Sironka wakafika chemchemini, wakanusa, wakarudisha vichwa nyuma. Sironka akaona nyayo za heroe kwenye tope.

Akamwambia mkewe, Nolari, "Ng'ombe wangu hawawezi kunywa maji waliyonawia ndege."

"Baba Sempeyo," Nolari akasema, "ng'ombe wako hunywa maji waliyoyakojolea wenyewe."

"Hilo ni lao wenyewe."

Akachukua fimbo, akaenda barazani kudai chemchemi iwe yake peke yake.

Mkuu wa baraza alikuwa Simba. Lakini Simba alilala saa ishirini kwa siku, na saa nne zilizobaki alikuwa anakula, wakati ambao hakuna mtu aliyetamani kumpelekea shauri. Kwa hiyo mambo yote yaliishia kwa karani. Karani alikuwa Kongoti, ndege mwenye upara, koti jeusi, na mfuko unaoning'inia shingoni. Hakuna aliyejua mfukoni mna nini. Wengi walidhani ni mihuri.

Sasa, desturi ya ziwa lile ilikuwa hii. Wawili wakigombea maji, wanakula kiapo cha mguu. Wanasimama mbele ya maji hayo, kila mmoja kwa mguu mmoja. Jua likifika utosini wanafumba macho, kwa sababu jua ndilo shahidi, na shahidi hakodolewi macho. Wa kwanza kutua mguu wa pili ndiye mwongo, ardhi imemtema. Mara ya mwisho kiapo hicho kililiwa enzi za babu yake Sironka. Waliobaki walikijua kwa kusimuliwa.

"Utakula kiapo cha mguu mmoja," Nolari akamwuliza, "na heroe?"

"Na heroe."

"Wale wanaosimama kwa mguu mmoja kutwa kucha?"

Sironka akacheka. "Mama Sempeyo, hujui serikali. Kongoti alipohesabu miguu ya wanyama alifika ziwani mchana, heroe wamepumzika. Akaandika: heroe vichwa elfu tatu, miguu elfu tatu. Nimeliona daftari kwa macho yangu. Kiapo kinataka mtu aunyanyue mguu wa pili. Asiye na mguu wa pili atanyanyua nini?"

Nolari akarudi kwenye kibuyu chake cha maziwa.

Siku ya kwanza ikafika. Kwa dai la Sironka, chemchemi ilikuwa imezungushiwa miiba mpaka shauri liishe. Heroe wakamtuma bibi yao, aliyekuwa mzee kuliko wote na amepauka rangi. Kongoti akafungua daftari lake la magome, akasoma: "Shauri la Mguu wa Pili wa Heroe, na Iwapo Upo."

"Mimi nimekuja kwa habari ya chemchemi," akasema Bibi Heroe.

"Chemchemi imo ndani ya shauri. Tutaifikia."

"Makinda wana magadi miguuni, bwana karani."

"Miguuni ndiko tunakoanzia, bibi. Uonyeshe mguu wa pili."

Bibi Heroe alikuwa amesimamia mguu wa kulia. Akautua wa kushoto, akaukunja wa kulia.

Kongoti akainamisha upara, akatazama. "Mmoja," akasema.

Bibi Heroe akautua wa kulia, akaukunja wa kushoto.

"Mmoja," akasema Kongoti. "Kila nikitazama, mmoja."

"Huu ni mwingine, baba."

"Mimi siandiki mwingine. Naandika ninaouona." Akafunga daftari. Shauri likaahirishwa. Sironka akaenda zake akipiga mluzi, na makinda wakarudi ziwani na vumbi jeupe miguuni.

Siku ya pili ikafika. Bibi Heroe alikuwa amefikiri usiku kucha. Alipoitwa, akaitua miguu yote miwili kwa pamoja.

Kongoti akaizunguka mara tatu. "Huu wa pili unatumika?"

"Natembelea."

"Basi usimamie yote miwili mpaka nimalize kuandika."

Kongoti aliandika kama wanavyoandika makarani, akinyanyua kalamu kila neno ili kulisubiri linalofuata. Bibi Heroe akaanza kuyumba, kwa kuwa heroe akisimama kwa miguu miwili bila kutembea ni kama mtu aliyeambiwa alale huku ameketi. Akayumba mbele, akayumba nyuma.

Sironka akasema, "Ameuazima kwa jirani. Tazameni, hata haujamzoea."

Watu wakacheka. Kongoti hakucheka. Alikuwa hajawahi kufikiria suala la kuazima. Akaamuru heroe wote watue miguu, ili ijulikane kama kuna aliyepungukiwa. Akahesabu kutoka asubuhi mpaka kivuli kikarefuka. Akapata miguu elfu sita kasoro mmoja, maana kulikuwa na mmoja kule nyuma aliyekuwa amesinzia.

Akaandika: "Imethibitika kuwa heroe wana miguu miwili, isipokuwa mmoja wao, ambaye uchunguzi juu yake unaendelea."

Wakati wa kurudi, Sironka alimwona kinda mmoja kando ya miiba. Manyoya yake yalikuwa ya kijivu bado. Miguuni alikuwa na bangili za magadi, na kila akipiga hatua zinagongana: ko, ko, ko. Alisogea kwenye miiba, akasikiliza maji yaliyokuwa ndani, akangoja. Sironka akasimama akamtazama. Kisha akageuka kuwatazama ng'ombe wake, maana ng'ombe walikuwa upande mwingine.

Nyumbani Nolari akampa maziwa. Yalikuwa kidogo.

"Basi wameonekana wana miguu," akasema. "Kesho utasimama naye."

"Nitasimama."

"Utashindwa."

"Sitashindwa. Adhuhuri tutafumba macho. Nimemwalika Fisi aje kutazama, akae karibu. Ndege akifumba macho mbele ya Fisi, ataliwa. Asipofumba, ameshindwa. Achague."

Nolari akapangusa kibuyu. "Na wewe, baba, umewahi kusimama hivyo umefumba macho?"

"Kufumba macho nako ni kazi ya kufundishwa?"

"Nauliza tu."

Siku ya tatu ikafika. Watu wakajaa, wanyama wakajaa, heroe wakasimama kuuzunguka uwanja. Fisi alikaa mbele kabisa, akijilamba midomo. Kando ya miiba yule kinda wa kijivu alikuwa ameketi. Hakuwa akigonga bangili tena.

Sironka akatia fimbo kwapani, akakunja mguu.

"Hiyo ni nini?" akauliza Kongoti.

"Fimbo."

"Ni mguu?"

"Fimbo ni fimbo, bwana karani."

Kongoti akafungua daftari, akatafuta. "Sironka. Kichwa kimoja, miguu miwili. Fimbo siioni humu. Kitu kisichokuwa daftarini hakiegemewi."

"Mwachie," akasema Bibi Heroe. "Mimi nimezungukwa na wenzangu, naye ana fimbo yake. Mwachie mwenzangu."

"Haiwezekani, bibi."

"Basi daftari limekosea," akasema Sironka.

Kongoti akamkazia jicho. "Juzi halikukosea. Juzi liliposema mguu mmoja, ulitoka hapa ukipiga mluzi."

Fimbo ikachukuliwa, akapewa Nolari aishike.

Wakasimama. Jua likapanda. Sironka alichagua pembe ya ng'ombe wake mwekundu, akaikazia macho, na mguu wake ukatulia. Akafurahi. Saa ikapita. Kifundo kikaanza kufanya kazi chini yake, kikisukuma huku, kikivuta kule, kama mama anayebembeleza mtoto asiyetaka kulala. Jasho likamtiririka. Bibi Heroe hakusukuma wala hakuvuta. Alisimama kama bua lililochomekwa.

"Bibi," Sironka akasema kwa sauti ya chini, "wewe huchoki?"

"Mwanangu, mimi nikichoka ndipo nasimama hivi."

Kwa mara ya kwanza tangu aanze shauri lile, Sironka alilielewa. Lakini watu walikuwa wamekwisha kusanyika.

Jua likafika utosini. Kongoti akasema, "Macho."

Bibi Heroe akafumba macho, akakunja shingo, akaficha kichwa chini ya bawa. Fisi akanyanyuka. Akapiga hatua moja, halafu akatazama pembeni. Akahesabu macho: elfu sita kasoro mawili, yote yanamtazama yeye, na chini ya kila jozi mdomo mnene uliopinda. Fisi akakumbuka ana safari.

Sironka naye akafumba macho. Pembe ya ng'ombe ikatoweka. Na mara ile dunia, ambayo miaka yote ilikuwa imetulia, ikaanza kwenda. Ikaenda kulia, akaifuata. Ikarudi kushoto, akaikosa. Akaitafuta fimbo kwapani, hamna. Akaitafuta pembe, giza. Akagundua kwamba siku zote alisimama kwa vitu vitatu, fimbo, macho na mguu, na sifa zote akaupa mguu. Sasa viwili vimeondoka, na mguu umebaki peke yake, nao haukuwa hodari kiasi hicho.

"Ardhi inatikisika," akasema.

Kongoti akaandika: "Mdai asema ardhi inatikisika. Karani hakuhisi."

Sironka akaanguka. Alitua mguu wa pili, akatua mikono yote miwili, akatua na mahali pengine ambapo daftari halina nafasi yake. Tope la magadi likamrukia hadi kiunoni.

Bibi Heroe ikabidi aamshwe.

"Umeshinda," akaambiwa.

"Nimeshinda nini?"

"Shauri."

"Na chemchemi?"

"Imo ndani," akasema Kongoti.

Miiba ikaondolewa. Makinda wakaja kwa msururu, ko, ko, ko, wakaingia majini, na bangili zikaanza kuyeyuka. Sironka naye alikuwa amekaa juani, na lile tope lilikuwa limemkaukia miguuni. Alipotaka kuinuka, goti halikukunjika vizuri. Akasogea hadi chemchemini, akasimama nyuma ya kinda wa mwisho, kwa miguu yote miwili, kwa kuwa hakuwa na haja tena ya kuonekana.

"Pita, mwanangu, unawe," akasema Bibi Heroe.

Sironka akanawa. Nolari akaleta ng'ombe. Wakanusa maji yaliyonawiwa na makinda wa heroe na mtu mmoja, wakainamisha vichwa, wakanywa.

"Chukua fimbo yako, Baba Sempeyo," akasema Nolari. "Mwambie karani aiandike."

Kongoti akaandika jambo la mwisho: "Ardhi ilimtema mdai kwa uongo wake, baada ya kutikisika mahali pamoja tu. Shauri limefungwa, isipokuwa habari za yule mmoja." Akapiga muhuri. Kumbe mfukoni mlikuwa na mifupa. Muhuri ulikuwa mguu wake mwenyewe.

Mafunzo ya hadithi hii, ndugu zangu, ni haya. Usishindane na mtu kwa jambo ambalo kwako ni kazi na kwake ni usingizi. Anayesimama kwa fimbo na macho asiusifu mguu. Na mwenye kiu asizungushie miiba maji ya wote, maana shauri lina siku zake, na magadi hayaahirishwi.

Hadithi yangu naitua hapa, kama mguu. Walioandika wameandika. Kilichotokea ni hiki: mtu alifumba macho akaanguka, ndege alifumba macho akalala, na makinda wote walinawa, isipokuwa mmoja, yule wa kando ya miiba.