Chungu cha Chumvi Kilichofunikwa

Sogeeni, wajukuu zangu. Fumbeni macho mwone: bonde jeupe kwa chumvi, mafiga yamejipanga toka huku hadi kule, na juu yake vyungu vinachemka, vinafuka, vinafuka. Mnaona? Basi tumefika. Ni kale hiyo, kale ya kale, babu wa babu yangu hajaota jino.

Watu wa bonde lile walichemsha maji ya chemchemi wapate chumvi. Maji makali hayo. Ukiyanywa, kiu inazidi. Na walikuwa na mwiko: chungu cha chumvi hakifunikwi. Ule mvuke, walisema, ni pumzi ya wahenga. Ukiuzuia, umewaziba pua.

Mwaka mmoja kisima cha maji ya kunywa kikakauka. Kikakauka kabisa, zikabaki kokoto. Mzee Rusimbi, mkuu wa wapika chumvi, akatangaza: “Kesho alfajiri tunahamia mtoni. Ni mbali, na kila mgongo una mtoto. Asiyeweza kutembea, Mungu yupo.”

Sasa, alikuwapo mjane aitwaye Nyanzobe, aliyekaa na mama mkwe wake, Bibi Kagoli. Miguu ya bibi ilikuwa imekufa ganzi.

“Nenda, mwanangu,” bibi akasema. “Mimi niachie kivuli tu.”

“Kivuli hakinyweki, mama.”

“Mkaidi wewe! Ndiyo maana mwanangu alikuoa. Alichoka kubishana.”

Nyanzobe akacheka, kisha machozi yakamlenga.

Akaenda kukoroga chungu chake cha mwisho. Mkono mmoja mwiko, mkono mwingine kibuyu kitupu, kimening’inia juu ya mvuke, mawazo yote yako kwa bibi. Alipokigeuza, akaona matone chini yake. Akalamba. Akalamba tena. Hayana chumvi!

Mbio akaleta chungu kingine, akakifudikiza juu ya kile cha moto, kimeinama upande, na bakuli chini ya ukingo wake.

“Nyanzobe!” Rusimbi akafoka. “Unawaziba wahenga pua!”

“Niwie radhi, baba. Wahenga hao ndio waliomzaa Bibi Kagoli. Watapenda afe kwa kiu?”

Rusimbi akainama kuchungulia bakuli. Maji yakadondoka, to, to, to. Kisha yakakoma. Watu wakaguna, “Si tulisema!” Nyanzobe akagusa chungu cha juu, akaungua kidole. Aa! Kibuyu kilikuwa baridi, hiki kimeshika moto. Akalowesha majani ya mgomba kwa maji ya chemchemi, akakivika. To, to, to.

Kwa nini? Sikilizeni polepole. Maji ni vijipande vidogo, vidogo kuliko unga wa ulezi, navyo huvutana. Vikipoa sana hung’ang’aniana papo hapo: ndiyo ile mvua ya mawe. Vikipata joto hulegea na kuteleza, lakini haviachani: ndiyo maji. Moto ukizidi, huruka vikaachana, kila kimoja na njia yake: ndio mvuke. Na chumvi? Yenyewe huvutana kwa nguvu mno, moto wa kuni hauwezi kuirusha, ikabaki chunguni. Mvuke ukigusa ubaridi, mbio zinapungua, vijipande vinavutana tena, tone hilo!

Bakuli lilipojaa, Rusimbi akanyoosha mkono. “Kwanza mama,” Nyanzobe akasema.

Bibi Kagoli akanywa, akakunja uso. “Hayana ladha yoyote!”

“Ndio utamu wake, mama.”

Rusimbi naye akanywa. “Funikeni vyungu vyote,” akasema. “Ila acheni upenyo, wahenga wapumue.”

Hayakuwa maji ya kuoga, lakini koo zililowa. Hakuna aliyehama, hakuna aliyeachwa. Mvua ilipokuja ilimkuta Bibi Kagoli kibarazani, anawatuma watu kuni.

Hadithi yangu imeiva, naiipua. Nawaombeni mkumbuke jambo moja tu, wanangu: maji yakitoweka machoni hayajaisha. Yameachana kidogo tu, yanangoja ubaridi yakutane.