Bibi Lubaba na Binti Aliyesifiwa Mno

Wamesimulia watu wa kale, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemen aliishi mwanamke mchamungu, Bibi Lubaba, aliyekuwa akiwasomesha wasichana nyumbani kwake. Miongoni mwao alikuwamo Hunaida, binti wa miaka kumi na mitano, mwepesi wa kuhifadhi na mwepesi wa kucheka.

Siku moja Hunaida alipanda juu ya nyumba yao kuanika zabibu. Ukingo ukabomoka, akaanguka. Roho ilisalimika kwa rehema ya Mola, lakini miguu haikuinuka tena. Tangu hapo akawa wa kulala tu, uso ameuelekeza ukutani. Wenzake walikuja mara moja, wakakosa la kusema, wasirudi. Wakubwa walikuja kila siku. Akinywa uji, walisema, “Mashaallah!” Akijigeuza, walisema, “Mashaallah!” Kisha walitoka nje wakilia, naye akiwasikia.

Bibi Lubaba akaja, akamwomba asome aya ya Qurani. Hunaida akasoma kwa uvivu.

“Hukuitamka herufi ya dhadi ipasavyo,” akasema Bibi. “Rudia.”

Mama yake akashtuka. “Ewe Bibi, huoni yaliyomfika mwanangu?”

“Nayaona, ndugu yangu. Ila ulimi wake haukuvunjika.”

Hunaida akajifunika gubigubi. Kesho yake Bibi akarudi. Binti akabaki chini ya shuka. Siku ya tatu vilevile. Bibi alikaa, akasoma nyuradi zake, akatoa salamu, akaondoka. Majirani walimsema kwamba ana moyo mgumu, naye akastahimili. Siku ya tisa sauti ikatoka chini ya shuka.

“Mwalimu, kwa nini hukunisifu kama wengine?”

“Kwa sababu ulikosea, mwanangu.”

“Kwani hunihurumii?”

“Wallahi nakuhurumia, na nimekulilia mbele ya Mola wangu. Lakini wanaokusifu kwa kunywa uji hawakutarajii tena lolote. Mimi bado nakutarajia.”

Binti akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu aanguke. Kisha akafunua uso, akairudia aya ile, na dhadi ikatoka safi.

Baada ya siku chache Bibi akawatuma wasichana wanne wambebe kwa kitanda cha kamba mpaka darasani. Njiani hakuna aliyethubutu kumtazama. Hatimaye mmoja wao, Shifaa, akasema, “Hunaida, tuliogopa. Hatukujua tukwambie nini. Tusamehe.”

“Mngekuja mkasema hilohilo,” akajibu, “lingenitosha.”

Wakawa wanambeba kila asubuhi kwa zamu, naye akiwasikiliza masomo waliokuwa wazito wa kuhifadhi. Ikatokea siku ya mvua kubwa, wasichana wakaona uvivu wa matope, wakaenda darasani bila yeye. Punde mama yake akafika na ujumbe: “Hunaida anasema amejitayarisha tangu alfajiri. Mbona hakufuatwa? Na nani atamsikiliza Shifaa?”

Wasichana wakainamisha vichwa kwa haya, wakatoka mbio kumchukua. Bibi Lubaba yeye alisujudu sijda ya shukrani, akainuka na machozi. “Alhamdulillahi,” akasema, “leo ameghadhibika. Asiyejiona kuwa na thamani hadai haki yake.”

Hunaida hakutembea tena mpaka mwisho wa umri wake, na wengi katika mji ule walisoma kwake.

Basi ndugu zangu, tumzurupo kijana aliyejeruhiwa, tusimwachie machozi peke yake. Tumwachie na kazi ya kufanya, na mahali pake pa kukaa, ambapo pataonekana patupu asipofika.