Uji wa Mzazi Ulivyomshinda Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Chungu?

— Kiko mekoni!

Moto?

— Unawaka!

Na uongo?

— Utie chumvi kidogo!

Kidogo mmesema wenyewe. Basi kaeni vizuri, na wewe uliyeketi karibu na mlango acha kutafuna. Hadithi hii ni ya chakula, na mimi sitaki kushindana na meno yako.

Hapo kale, wanyama wote walikuwa wakipika. Digidigi alipika kunde. Kobe alipika boga. Nungunungu alipika viazi, na alijua kupika, msimwone vile na miiba yake. Jua likianza kuinama, moshi ulipanda kutoka kila nyumba katika kijiji chao kilichokuwa kati ya jabali na mto.

Kijiji hicho kilikuwa na mila yake. Mgeni akipiga hodi wakati chungu kiko mekoni, atakaribishwa, atapakuliwa, na atakula yeye kwanza. Mwenyeji hana ruhusa ya kunyima, na mgeni hana ruhusa ya kukataa. Kunyima ni aibu, na kukataa chakula cha watu ni matusi, na mwenye kukataa asipige hodi tena katika kijiji kile maisha yake yote. Ilikuwa mila nzuri kwa sababu kila mmoja alikuwa na haya.

Kila mmoja, ila Kiboko.

Kiboko alikuwa na nyumba kubwa kando ya mto, lakini nyumba haikuwa na jiko. Ya nini jiko, na majiko ya watu yapo? Mchana kutwa alilala. Moshi ukipanda tu, aliamka, akajinyoosha, akashuka njiani: vumbu, vumbu, vumbu.

"Hodi wenye chungu!"

Wenye chungu walitazamana, wakameza mate, wakajibu, "Karibu mgeni."

Akaingia kwa Digidigi, akala kunde: ngubwi, ngubwi, ngubwi. Akaingia kwa Kobe, akala boga: ngubwi, ngubwi, ngubwi. Akaingia kwa Nungunungu, akala viazi na maganda yake: ngubwi, ngubwi, ngubwi. Kila nyumba aliwaachia wenyewe ukoko chini ya chungu, akafuta mdomo, akawaombea Mungu awazidishie. Waliozoea kusema mgeni njoo mwenyeji apone, sasa walisema mgeni njoo mwenyeji akonde, tena walisema kwa sauti ya chini. Ni kweli kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini nani angempelekea Kiboko jembe hilo? Kobe?

Juu ya jabali alikaa Bi Pimbi. Mnamjua pimbi, kimnyama kidogo cha mviringo, hakina mkia wa kujivunia. Bi Pimbi alikuwa na binti mmoja, jina lake Mize, na Mize alikuwa amejifungua mapacha. Alikuwa bado ndani ya arobaini yake. Na mzazi aliye ndani ya arobaini, kama mama zenu wanavyojua, hunyweshwa uji wa moto wenye pilipili manga na tangawizi, ili mwili urudi na maziwa yashuke. Bi Pimbi alitwanga mwenyewe, akakoroga mwenyewe, akaupuliza moto mpaka macho yakamtoka machozi.

Harufu ya pilipili manga ikashuka jabali, ikafika mtoni, ikaingia katika pua ya Kiboko.

Vumbu, vumbu, vumbu. "Hodi wenye chungu!"

"Bwana Kiboko," alisema Bi Pimbi, "huu ni uji wa mzazi."

"Na mimi ni mgeni," alisema Kiboko, akainua chungu kizima. Ngubwi, ngubwi, ngubwi.

Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa akaja tena. Maziwa ya Mize yakapungua, kisha yakakauka. Mapacha wakalia nyee, nyee, nyee, mpaka sauti zao zikawa nyembamba. Bi Pimbi aliwabeba mmoja huku na mmoja huku, akazunguka nao juu ya jiwe, na moyo wake ulimuuma vibaya. Aliona wazi kwamba uji ukiendelea kuingia katika tumbo lile, wajukuu wake hawatafika arobaini.

Kumpiga Kiboko hakukuwezekana, na kumnyima kulikatazwa. Lakini Bi Pimbi alikuwa na masikio. Alikuwa amesikia kwamba Kiboko, kila anapoinuka kutoka kwenye chungu cha watu, huguna: oo mgongo wangu, oo tumbo langu, oo magoti yangu. Basi akalishika neno hilo na kulala nalo.

Siku iliyofuata Kiboko alipofika juu ya jabali, hakukuta moshi. Alikuta chungu kimefunikwa kifudifudi, majivu yamepoa, na Bi Pimbi ameketi juani anatafuna majani mabichi: kacha, kacha, kacha. Alipomwona mgeni aliruka kutoka jiwe hili hadi jiwe lile, akarudi, akaketi tena bila kuhema.

Kiboko aliuliza uji uko wapi. Bi Pimbi akamwambia kwamba nyumba yake imeacha vya moto, sasa wanakula vibichi tu, na kwamba tangu waache mgongo wake umenyooka na meno yake yanang'aa. Akayaonyesha meno. Pimbi kweli ana meno mawili marefu ya mbele, aliyapata kwa mama yake, lakini hilo hakulisema.

"Dawa gani hiyo?" aliuliza Kiboko.

"Haikufai, Bwana Kiboko. Inataka mtu mwenye moyo mgumu."

"Moyo wangu mgumu kuliko jabali hili."

"Watu husema hivyo, kisha wakinusa boga la Kobe wanasahau."

Kiboko alichukia kudharauliwa, hasa na mtu anayemfika kwenye kifundo cha mguu. Akaketi chini, jabali likatikisika, akasema haondoki mpaka aambiwe. Bi Pimbi akajifanya kukubali shingo upande. Alimuuliza kama amewahi kumwona Twiga akichochea moto. Hajawahi. Je, Twiga ana kitambi? Hana. Amewahi kumwona Swala akikuna nazi? Hajawahi. Je, Swala huguna anapoinuka? Haguni. Kiboko akakuna kichwa, akaona kwamba ameishi maisha yake yote bila kuulizwa maswali ya maana.

Kisha akapewa masharti. Atakula majani, yawe na umande wake, bila chumvi. Kilichopikwa ni mwiko, hata tone, kwa sababu kilichoiva kikikutana tumboni na kibichi vitapigana humo ndani mpaka mwenye tumbo aanguke. Na akiona moshi tu, aingie mtoni, azame, abakize pua.

Akaapa. Akaenda.

Siku za mwanzo zilikuwa mateso. Tumbo lilinguruma gururu, gururu, mpaka samaki wakahama. Kiboko akapanda jabali kulalamika kwamba anaumwa zaidi ya zamani.

"Vizuri sana," alisema Bi Pimbi. "Huo ni uchafu wa miaka unatoka. Kuumwa ndiyo dalili ya kupona."

"Na nisingeumwa?"

"Hiyo ingekuwa dalili kwamba umepona."

Kiboko aliona maneno hayo yana hekima, akarudi kwenye majani.

Na kule kijijini, furaha iliyoje. Moshi ulipanda, Kiboko akazama, watu wakala mpaka wakashiba. Digidigi alirudia kunde mara mbili, akacheza na upawa mkononi. Mize alikunywa uji wake wa pilipili manga, jasho likamtoka, maziwa yakashuka. Mapacha wakanyonya, wakalala na midomo wazi. Bi Pimbi aliwatazama akacheka peke yake, akalamba ukoko wa uji, nao ulikuwa mtamu.

Hadithi ingeishia hapa kama kusingetokea jambo moja ambalo Bi Pimbi hakulitazamia hata chembe.

Dawa ilifanya kazi.

Kiboko alipona. Mgongo haukumuuma tena. Magoti yalilainika. Alikimbia ukingoni mwa mto asubuhi, akapiga mbizi, akaibuka, akaimba. Na aliyepona, jamani, mnamjua. Hawezi kunyamaza. Kiboko alikaa majini akautazama moshi wa majirani zake, machozi yakamlengalenga kwa huruma. Alisema haiwezekani yeye awe mzima na wenzake wajiue kwa kunde.

Vumbu, vumbu, vumbu. "Hodi wenye chungu! Sikuja kula. Nimekuja kuwaponya."

Akaweka mguu juu ya moto wa Digidigi: pwaa. Chungu kikapinduka. Akaenda kwa Kobe, akaweka mguu: pwaa. Akaenda kwa Nungunungu: pwaa. Kila nyumba alieleza habari za Twiga na Swala, kwa urefu, na hakuondoka mpaka wenyeji wameahidi.

Kweli waliruka majivu wakakanyaga moto. Zamani aliwaachia ukoko; sasa haukubaki hata huo. Wakapanda kwa Bi Pimbi wakiwa na njaa na hasira. Kobe, ambaye alifika wa mwisho na kwa hiyo alikuwa na hasira iliyokaa zaidi, alimwambia kwamba huyo Kiboko, mganga wake, ameua watu kwa afya. Bi Pimbi aliona haya, kwa kuwa walisema kweli.

Wakiwa bado hapo, wakasikia: vumbu, vumbu, vumbu.

Uji wa Mize ulikuwa mekoni, unatokota pwata pwata. Kilikuwa ndicho chungu pekee kilichobaki kizima kijijini, na Mize alikuwa nyuma ya pazia na wanawe wawili. Bi Pimbi alitetemeka. Msidhani mjanja hatetemeki. Ujanja ni wa kichwa, magoti hayana habari nao.

"Hodi wenye chungu!"

Na hapo, kwa kulisikia neno lile lile alilolisikia kila siku, Bi Pimbi akakumbuka kitu ambacho kijiji kizima kilikisahau. Hakuna aliyefikiria kumpakulia mtu ambaye wote walifurahi ameacha kula.

Akachota uji kwa upawa, ukafuka moshi. Akaunyanyua juu kadiri mkono wake mfupi ulivyoweza.

"Karibu, baba. Mgeni hula kwanza."

Kiboko alisita, mguu mmoja hewani. "Bi Pimbi, mimi sili vya moto. Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Mimi nilikufundisha dawa. Mila ulifundishwa na mama yako. Umepiga hodi, chungu kiko mekoni. Kula, au kataa uji wa mzazi mbele ya hawa majirani, usipige hodi tena."

Harufu ya pilipili manga ikampanda puani. Kinywa cha Kiboko kikafunguka chenyewe, kikafunguka sana, mpaka Digidigi akaona koo. Kiboko akaukumbuka mgongo wake, akakifunga. Harufu ikaja tena, kinywa kikafunguka. Akalikumbuka tumbo lake, akakifunga. Kufungua, kufunga, kufungua, kufunga, na jasho linamtoka.

"Onja kidogo tu, baba," alisema Bi Pimbi kwa upole, akasogea hatua moja.

Kiboko akarudi nyuma hatua moja. Bi Pimbi akasogea tena. Majirani wakaelewa. Nungunungu akashika bakuli, Digidigi akashika kijiko, hata Kobe akaokota ukoko, wote wakasema kwa pamoja, "Karibu mgeni, karibu mgeni." Kiboko akageuka. Vumbuvumbuvumbu kuteremka jabali, wenyeji nyuma yake wamenyoosha mikono, wanamsihi aonje, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Alipofika mtoni hakusimama kuaga. Chubwi!

Arobaini ya Mize ilipotimia, mapacha walitolewa nje, wanene, wameng'aa. Ngoma ikapigwa na vyungu vipya vikapakuliwa. Kiboko alichungulia kutoka majini, macho na pua tu. Hakuwa na kinyongo, mtu mwenye afya nzuri hana nafasi ya kinyongo.

"Mzazi hajambo?" aliuliza kwa mbali.

"Hajambo sana," alijibu Bi Pimbi. "Njoo ule."

Chubwi!

Tangu hapo Kiboko hushinda mtoni na hula majani mabichi. Na ukimwona amepanua kinywa chake chote, kisha anakifunga bila kutia kitu, jua kuna mtu mahali fulani ameepua chungu.

Mafunzo ya hadithi hii ni haya. Msiseme uongo, hata mara moja, hauna faida yoyote. Mkubwa akija kwenu mpeni chakula bila kumchezea. Na kuleni vibichi, watoto, vina afya. Mimi mwenyewe tangu nilipoisikia hadithi hii sigusi kabisa kilichopikwa. Ile harufu ya pilau inayotoka kwa jirani wala siisikii. Nitapita tu hapo mlangoni kuwasalimu.

Hadithi yangu imeiva, naiepua. Ikiwa tamu, tumekula wote. Ikiwa imeungua, niachieni ukoko.