Neno Zito la Nakijwa

Sogeeni jikoni, wanangu, na anayesinzia akalale. Palikuwa na mwanamke, Nakijwa, aliyemwomba Mungu hekima kila alfajiri, mpaka kibuyu chake cha maji kikapewa kinywa.

"Mchotee maji wifi yako Namsifu, mguu unamuuma," kikasema.

Nakijwa alikuwa amegombana na Namsifu kwa ajili ya kuku. "Amina! Neno zito hilo," akasema, akaenda kulisimulia kwenye jumuiya ya sala. Wakampigia makofi.

Kesho yake kibuyu kikasema, "Mpasulie kuni." Amina! Neno zito hilo. Makofi tena.

Siku ya tatu: "Kamwombe radhi." Amina! Neno zito hilo.

Kumbe siku zote hizo nje ya nyumba yake palikuwa na zimwi, limebandika sikio ukutani. Lilikuja kula mtu, lakini mazimwi hayajui kuhubiri. Yakisikia neno huenda kulifanya.

Siku hiyo zamu ya kusali ilikuwa nyumbani kwa Namsifu. Nakijwa akaingia na ushuhuda wake mdomoni. Akakuta mitungi imejaa, kuni zimepangwa hadi dirishani, na zimwi limeketi mkekani, viganja vimechubuka.

"Wifi," Namsifu akasema, machozi yakimlenga, "asante kwa kulituma."

Makofi yakapigwa. Nakijwa akatamani ardhi ipasuke immeze. Zimwi lilimtazama tu.

"Sikulituma," akasema, uso chini. "Niwie radhi, wifi."

Hakuna aliyepiga makofi. Zimwi likajisogeza kidogo, likampa nafasi mkekani.

Na hadithi yangu ikaketi papo hapo.