Jina la Sikitu

Sogeeni, na aliyeshiba asinisinzilie. Palikuwa na zimwi lililotega sikio kina mama wakiita watoto wao. Jina likilipendeza, humla mwenyewe. Bi Mwanamkuu alimzaa Lulu, likamla. Akamzaa Johari, likamla. Wa tatu akamwita Sikitu, yaani si kitu.

Zimwi likabisha hodi. "Nani huyo mgongoni?"

"Sikitu."

Likatema mate. "Mtoto asiyetakwa na mamake, mimi wa nini?" Likaenda zake.

Sikitu akakua, akauliza kwa uchungu, "Mama, wenzangu Lulu na Johari, mimi ndiye si kitu?"

"Wenzako niliwapa majina mazuri, nikabaki na majina. Kwako nilitaka nibaki na mtoto."

Ngano imekwisha. Mwenye jina baya na asinune.