Ngoma Iliyolazwa Kifudifudi

Mpiga ngoma mmoja alikuwa na watoto wawili, Mrindoko na dada yake Nambua. Alipokufa aliwaachia ngoma moja na sheria moja. Kwao, msiba ukiingia, ngoma hulazwa kifudifudi, uso wake ukagusa ardhi, mpaka mama wa marehemu amalize kilio chake cha kwanza. Kilio hicho si machozi matupu. Ndani yake mama hutaja kilichomuua mwanawe, na kama ni mtu, humtaja kwa jina, na wote hunyamaza wasikie. Anayepiga ngoma juu ya kilio hicho huhesabiwa kuwa amemzika marehemu mara ya pili.

Mrindoko alikuwa na sikio la muziki. Ukoo ukaamua apelekwe mjini kusomea kazi hiyo, na kwa kuwa fedha iliyokuwapo haikutosha wawili, Nambua akatolewa shule. Hakuulizwa. Alishika jembe akamlimia kaka yake, na kila aliposikia wenzake wakiimba darasani alijifariji kwamba sauti ya kaka ndiyo itakayokuwa sauti yake.

Kaka akasoma, akawa mtunzi wa muziki wa filamu. Watu walisema Mrindoko akitia fidla zake hata jiwe hutoa chozi. Mwongozaji wa filamu akitaka mwizi apendwe, Mrindoko alimtafutia filimbi, na mwizi akapendwa. Jina lake lilibandikwa kwenye kuta zote za mji. Nyumbani alikuja kwa nadra, na akija alileta kanga.

Nambua alikuwa na mwana mmoja, Kihiyo, mvunja mawe machimboni. Ukuta wa machimbo ulipasuka ufa, vijana wakamwambia nyapara wao, Kibacha. Kibacha akacheka, akasema anayeogopa ufa akalale na mama yake. Wakaingia. Ukuta ukawaangukia, Kihiyo akafa.

Watu wa filamu wakaja kupiga picha za msiba ule, Mrindoko akiwa kati yao. Nambua aliwafungia mlango. Kaka yake akaja kuugonga peke yake. "Dada," alisema, "lia kama baba alivyotufundisha. Ngoma nitailaza mimi mwenyewe." Hapo Nambua akafungua. Akalia kilio cha kwanza mbele ya kamera, akautaja ufa, akamtaja Kibacha, akiamini kwamba nchi nzima itasikia na hakuna mtoto wa mtu atakayeingizwa tena chini ya ukuta ule.

Filamu ilipokamilika ilionyeshwa kijijini, shuka jeupe likitandazwa ukutani. Nambua alikaa mbele. Akauona uso wake, mkubwa kama nyumba. Akauona mdomo wake ukifunguka. Kisha zikaja fidla. Zilikuja taratibu, tamu kama asali, na pale jina la Kibacha lilipopaswa kusikika ilipigwa ngoma. Aliitambua. Ilikuwa ya baba.

"Mama Kihiyo," jirani alimnong'oneza, "mbona pale ukutani unachezesha mdomo kama samaki? Ulikuwa unasema nini?"

Nyuma ya watu, Kibacha alikuwa akipiga makofi.

Nambua akamkabili kaka yake. Naye, bila haya, akamwambia kwamba mwongozaji alikiona kilio kikali mno, na kwamba mwenye machimbo ndiye aliyewapa magari na mahali pa kulala. "Lakini watu wamelia, dada. Hukuona walivyolia?"

Haikuishia hapo. Wimbo ule wa filamu ulipopendwa, Mrindoko aliurefusha ukawa muziki wa okestra, wa kupigwa katika ukumbi mkubwa wa mjini, akauita Kilio cha Mama. Nambua alipanda lori la mawe, amejifunga kanga ya msiba, akaenda. Mstari wa mbele alimwona mwenye machimbo, kitambaa mkononi, anafuta machozi. Anamlilia nani? Mbele ya fidla zote ilisimamishwa ngoma ya baba yao, imepakwa mafuta, inang'aa.

Ilipofika pale pa jina, kabla mpigaji hajashusha mkono, Nambua alikwisha kupanda jukwaani. Akaikumbatia ngoma, akaigeuza, akailaza kifudifudi. Fidla zikakatika. Katika ukimya ule akalia kilio cha kwanza, upya, kwa sauti yake iliyokauka: "Kibacha, uliambiwa! Kibacha, uliambiwa kuna ufa!"

Mtu mmoja akainuka kitini, amekasirika. "Mtoeni mama huyo! Anatuharibia Kilio cha Mama!"

Wengine wakamwitikia. Macho yote yakamgeukia Mrindoko, aliyekuwa amesimama mbele ya okestra, ameshika kijiti chake cha kuwaongozea wapigaji. Akaitazama ngoma. Katika ukumbi ule mzima, ni yeye na dada yake tu waliojua maana ya ngoma iliyolala. Nambua naye alimtazama, hakuacha kulia, akamngoja.

Mrindoko akainua kijiti.

Fidla zikarudi, zote kwa pamoja, na Nambua akalia chini yake kama mtu aliyefukiwa na kifusi, mpaka sauti ikamwisha na walinzi wakambeba nje. Watu wakasimama wakapiga makofi. Walisema hawajawahi kuguswa hivyo.

Kulipokucha vijana waliingia machimboni, chini ya ukuta uleule, na nyapara alikuwa Kibacha yuleyule. Basi ninyi wenye masikio, semeni: siku ukuta ule utakapoanguka tena, ni nani atakayekuwa ameusukuma?